Umejigeuza, Baba?

Kisa hiki kimesimuliwa kwenye viti vya saluni yangu mpaka kimechakaa, na kila anayekisimulia anakitia chumvi yake. Wapo wanaosema yule mwanamke alimwacha baba mkwe wake aoze kitandani makusudi. Wapo wanaosema alikuwa mchafu. Mchafu! Mimi ni msusi, mdomo wangu haujawahi kwenda likizo, lakini nikisikia uongo wa namna hiyo nazima draya ili nisikike vizuri. Nyumba yao na saluni yangu zinatazamana, katikati kuna njia tu. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu, na nilichoambiwa na mwenyewe akiwa amekaa hapa, kichwa chake mikononi mwangu.

Mtaani tunamwita Bi Shuka, na jina hilo hakupewa kwa utani mtupu. Ukifungua dirisha langu asubuhi unakutana na kamba yake ya nguo, shuka nyeupe zimeanikwa zimenyooka, hazina hata alama ya kidole. Wateja wangu walikuwa wakiziangalia wanaguna. Mgonjwa hatoki kitandani, anavaa mpira wa mkojo, anavaa nepi za watu wazima, halafu shuka ziwe vile? Walimsifu mbele yake na wakamwonea wivu akishapita.

Huyo mgonjwa ni Mzee Futi, baba wa mumewe. Alikuwa fundi cherehani, na nusu ya watu wazima wa mtaa huu walivaa sare za shule alizozishona yeye. Sasa sikiliza jinsi alivyokuwa akimpima mwanamke, maana bila hilo hutamwelewa. Hakumgusa. Alimpa futi, ile kamba ya kupimia nguo, ajizungushe mwenyewe kifuani au kiunoni, yeye akiangalia ukutani. Ukishajipima, unabana kwa kidole pale futi ilipokutana, unampa hivyo hivyo ilivyobanwa, naye anasoma. Gauni likija linakukaa kama umezaliwa nalo. Mama yangu alikuwa akisema yule ndiye mwanamume pekee anayejua kiuno chake na hajawahi kukiona.

Mzee huyo alipanda ngazi kushusha kibao cha duka lake akipake rangi, akaanguka. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari tena. Mchome sindano, hajui. Hospitali walipomruhusu waliwaambia mambo mawili tu ya kushika: ageuzwe mara kwa mara asilalie upande mmoja, na ngozi yake ikaguliwe kila siku, mgongo na makalio, kwa sababu mwenyewe hatasikia maumivu. Wakaitikia. Nani asiyeitikia akiwa hospitali?

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mtoto wake, mume wa Bi Shuka, ni dereva wa lori, na wakati ule alikuwa na safari za karibu, kila jioni yuko nyumbani. Nyumba ile iligawana mgonjwa bila kukaa kikao. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni wa mkwe: kumlisha, kumwosha uso na mikono, kumkata kucha, kumpigisha soga. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni wa mwana. Bi Shuka hakuwahi kufunua shuka, na mzee hakuwahi kumpa nafasi ya kufunua. Unamwita mtu baba, amekupokea nyumbani kwake ukiwa bibi harusi, utamfunuaje? Usinijibu haraka haraka hivyo. Wewe baba mkwe wako anatembea.

Halafu dereva akapewa safari za kuvuka mipaka, akawa anapotea wiki kwa wiki. Kabla ya kuondoka alifunga kamba nene kwenye boriti juu ya kitanda. Mzee mikono yake ilikuwa mizima, akaishika, akajivuta, akageuka ubavu mbele yao wote. Akasema, "Unaona? Mke wako asisumbuliwe." Wote watatu wakashusha pumzi. Bi Shuka aliniambia siku ile alifurahi mpaka akaona aibu kwa kufurahi.

Basi ukawekwa utaratibu. Bi Shuka anakuja mlangoni, anagonga, anabaki nje. Anauliza, "Umejigeuza, Baba?" Ndani mzee anajibu, "Nimejigeuza, mwanangu." Anaingia na beseni la maji na kitambaa, anaviweka, anatoka, mzee anajisafisha mwenyewe pale mkono unapofika. Nepi anabadili mwenyewe, anaifunga kwenye mfuko, anausogeza ukingoni mwa kitanda. Siku ya kubadili shuka mzee ananing'inia kwenye kamba, mkwe anavuta shuka ya zamani na kutandaza mpya, uso ameugeuzia dirishani. Mimi niliwahi kumwona akifanya hivyo. Kazi safi, haraka, mkunjo mmoja huuoni. Nilimsifu.

Muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani alikuwa akija kubadili mpira wa mkojo. Mzee alikuwa anamsubiri amelala chali, shuka imekunjwa panapohusika tu, nywele amechana. Muuguzi anamaliza, anavua glavu, anauliza mgongo vipi. Mzee anasema mgongo salama. Nyumba inanukia sabuni, mkwe ana adabu, chai iko mezani. Nani atauliza mara ya pili?

Baadaye mzee akaanza kuagiza poda. Ile poda ya watoto, ya kopo. Kopo likiisha anaagiza jingine, na lilikuwa linaisha upesi mno. Hapa saluni tulicheka. Nikamwambia Bi Shuka, mkwe wako anatafuta mchumba, angalia usije ukaletewa mama mkwe mdogo kwako. Wenzangu wakagonga mikono. Yeye alicheka pia, lakini kwenye kioo nilimwona macho yake hayacheki pamoja na mdomo.

Na shuka zikahama. Kamba ya mbele ikawa na nguo za kawaida, shuka zikawa zinaanikwa uani, nyuma ya tangi la maji. Hilo nililiona nikalipita, nina mambo yangu.

Siku yenyewe nilikwenda kumnyoa mzee, maana nywele zake nilikuwa nanyoa mimi. Dada yake alikuwepo, yaani shangazi wa dereva, mwanamke wa sauti, magoti mabovu, amejaa kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa kwenye kumsifia mkwe. Mkwe wa dhahabu, mkwe wa kuazimwa, angalia shuka, angalia mto. Bi Shuka alisimama na sinia la chai ameinamisha uso. Mimi nilikuwa kichwani kwa mzee na mashine yangu, na paji lake la uso lilikuwa linachoma. Alikuwa anatetemeka, anasema ni baridi. Jua lilikuwa limewaka vile. Na chini ya ile poda, nikiwa nimeinama karibu, kulikuwa na harufu nyingine. Nilizima mashine.

Muuguzi akaingia wakati huo huo, ilikuwa siku yake. Alipomgusa hakufungua hata mkoba wa mipira. Alisema homa hii nataka nione mgongo. Mzee akashika shuka kwa mikono miwili. Akasema mgongo wake uko sawa, yeye anataka mpira tu. Muuguzi akasema taratibu kwamba ataangalia. Mzee akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi, akamwangalia mkwe wake, halafu vidole vikalegea. Tulimgeuza, mimi na muuguzi.

Sitaeleza sana. Pale mwisho wa uti wa mgongo ngozi haikuwepo tena. Shangazi alishika mdomo. Muuguzi aliuliza bila ukali, "Nani anamgeuza?"

"Anajigeuza mwenyewe," alisema Bi Shuka.

"Na nani anamwangalia?"

Alilitua sinia chini, akaanza kuvipanga vikombe. Mzee alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Shangazi ndiye aliyejibu, akamwaga lawama kwa mdomo ule ule uliokuwa ukimsifu dakika ile ile: kumbe usafi wa kuanika, kumbe shuka za kuonyesha watu. Nilimwambia shangazi, samahani mama, hebu nyamaza kidogo. Nilisema kwa adabu nilivyoweza, na sikuweza sana.

Mzee akachukuliwa. Kidonda kilikuwa kimefika karibu na mfupa, na sumu yake ilikuwa imeanza kuingia kwenye damu. Siku za kwanza hakuna aliyejua kama atapona. Dereva alikuwa kwenye foleni ya mpakani, akawa anapiga simu, anafoka, analia, anakata, anapiga tena. Mtaani wakapata cha kutafuna. Bi Shuka akaacha kuanika nje kabisa. Nguo zikawa zinakaukia ndani, na dukani akawa anakwenda mchana wa jua kali, watu wakiwa wamejifungia. Siku moja nilimfuata nikamleta hapa kwa mkono, nikafunga mlango, nikamkalisha. Nikaanza kumfumua nywele bila kuuliza kitu. Ndipo aliponieleza yote haya, na alieleza kwa kukiangalia kioo, kama anayemshitaki yule mwanamke wa kwenye kioo.

Mzee alipopata nafuu, hospitali wakasema ukweli wao. Kidonda kitapona kwa miezi, na kikiachwa tena kitamuua. Atarudi nyumbani ikiwa kuna mtu wa nyumbani atakayewaonyesha, pale pale wodini, kwamba anaweza kumgeuza, kumkagua na kumsafisha. Kama hayupo, atapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, mbali, wageni watupu. Shangazi alitaka kumchukua, lakini anakaa ghorofa ya juu na mwenyewe kushuka ngazi ni kazi ya asubuhi nzima. Dereva yuko barabarani. Akabaki mtu mmoja.

Nilimsindikiza, maana peke yake asingefika hata getini. Muuguzi wetu alikuwepo, alikuja siku ambayo si ya kazi yake. Wakavuta pazia kuzunguka kitanda. Mimi nikabaki nje ya pazia, kwenye benchi. Nilisikia kila kitu na sijutii kusikia.

Mzee alisema, "Toka, mwanangu. Nakuomba. Watanipeleka huko wanakotaka kunipeleka."

Niliangalia pazia, halikutikisika. Nikafikiri Bi Shuka ametoka kwa upande mwingine. Halafu nikasikia sauti yake, ndogo, kavu.

"Baba, nilinusa. Kabla hujaniagiza poda, nilikuwa nimeshanusa. Na shuka niliiona ina doa. Nikajiambia umemwaga chai."

"Chai nilikuwa nimeshaacha," alisema mzee.

"Najua. Nilikuwa najua."

Ndipo mzee naye akafungua lake. Alisema kama mtu anayetoa mwiba. "Ile kamba sikuwa naivuta. Bega liliniishia nguvu siku nyingi, ilibaki nguvu ya kuning'inia siku ya shuka tu. Ukigonga, najibu. Nilikuwa nakujibu tu, mwanangu, ili usiingie."

"Na mimi nilikuwa nauliza tu, ili nisiingie."

Kwenye benchi nilipokaa niliangalia miguu yangu. Aibu ile haikuwa yangu lakini ilinikuta. Muuguzi akakohoa, akasema na yeye kila alipouliza habari za mgongo alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake. Basi wakawa watatu mle ndani, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Mzee akasema, "Nipe taulo." Nikajua ni ya nini baadaye, aliponieleza Bi Shuka. Alijifunika uso. Mwili aliuacha. Akasema kutoka chini ya taulo, "Haya. Geuza."

Alimgeuza. Muuguzi alikuwa anaelekeza kwa sauti ya chini: mkono begani, mkono nyongani, usimburuze, mnyanyue. Akamwonyesha kusafisha, akamwonyesha wekundu gani ni wa kuogopa. Halafu akampa futi ya karatasi, ile ya kutumia na kutupa, apime upana wa kidonda bila kukigusa, maana kila wiki lazima kijulikane kinakwenda wapi. Chini ya taulo mzee akauliza, "Kikubwa kiasi gani?"

Bi Shuka alikitazama kipimo. Atamwambiaje? Akabana ile karatasi kwa kidole pale kipimo kilipofika, akaupitisha mkono juu ya bega la mzee, akampa hivyo hivyo ilivyobanwa.

Mzee akaondoa taulo usoni. Akaishika karatasi kwa mkono ulionyooka, maana miwani ilibaki nyumbani, akasoma pale palipobanwa. Kazi yake ya maisha.

"Huu ni mfuko wa shati," alisema.

Akarudishwa nyumbani.

Ningependa kukwambia aibu iliisha siku ile, lakini mimi si mtu wa kupaka watu mafuta. Bi Shuka alikuwa akigonga mlango, anaingia, anasema, "Baba, nakugeuza," na mzee anavuta taulo. Wakati wa kula, hawaangaliani. Alinieleza kwamba anapomsafisha huwa anaongea mfululizo, bei ya nyanya, mvua, ugomvi wa majirani, ili tu chumba kisikae kimya. Dereva akirudi anamfanyia baba yake yeye, na Bi Shuka anakwenda kukaa jikoni na anajisikia kama mwizi aliyepewa ruhusa. Akamwomba muuguzi amkalishe dereva chini amfundishe upya, na dereva na ukubwa wake wote akafundishwa jinsi ya kumnyanyua baba yake bila kumburuza. Muuguzi naye sasa akija anaanza na mgongo, ndipo aje kwenye chai.

Kila wiki karatasi inabanwa, inapitishwa juu ya bega, mzee anasoma. Mfuko wa shati ukawa kifungo cha koti kubwa. Kifungo cha koti kubwa kikawa kifungo cha koti la kawaida. Na tukaanza kuchekacheka tena hapa saluni, nami nikadiriki kuuliza kama tumefika kwenye kifungo cha shati.

Wiki moja mzee alisoma, akasoma tena. Akairudisha karatasi. Kilikuwa kimepanuka. Bi Shuka alitafuta kosa lake kila mahali akalikosa. Alimgeuza kila alipotakiwa, alisafisha, alikagua. Mwishowe mzee akasema mwenyewe. Alasiri, mkwe akitoka kwenda sokoni au kuja kwangu, yeye alikuwa anateleza kidogo kidogo kwenye mto mpaka anarudi chali. Anajua amerudi chali. Anamsikia mkwe anacheka ng'ambo ya njia, dirisha liko wazi, angeweza kumwita. Anaona aibu kumwita. Mtaa mzima usikie mzee anaita mke wa mwanawe aje amgeuze? Alikuwa analala hivyo hivyo, anangoja.

Bi Shuka aliniambia hakumgombeza. Alikaa chini, pale pembeni ya kitanda, akalia mbele yake kwa mara ya kwanza. Alimwambia, "Ukiona aibu nitakuzika, Baba." Kisha akaenda kufua.

Kisha ikaja Jumamosi, na Jumamosi saluni yangu inajaa mpaka mlangoni. Bi Shuka alikuwa kwenye kiti cha kioo. Nusu ya kichwa imesukwa rasta, nusu imesimama juu kama ilivyoamka. Na huyu ni mwanamke asiyetoka kutupa taka bila kitambaa kichwani. Shangazi naye alikuwepo, miguu kwenye beseni la maji ya moto, anamsimulia mtu habari za magoti. Yule mteja aliyekuwa akisema mzee aliachwa aoze makusudi, makusudi, alikuwa chini ya draya. Kelele tupu, ndiyo biashara yangu.

Sauti ikatoka ng'ambo ya njia. Mzee Futi hajawahi kupaza sauti tangu nimjue. Hata wateja waliokimbia na nguo zake alikuwa anawaita kwa kunong'ona. Sauti yenyewe ilikwama, ikapasuka katikati, ikatoka tena kubwa zaidi, na dirisha lake lilikuwa wazi kwa mtaa wote.

"Mwanangu! Sijajigeuza!"

Nilizima draya. Wote walisikia, na wote waliangalia chini, kila mtu akapata kazi ya kufanya na mkoba wake. Kwenye kioo niliona uso wa Bi Shuka ukiiva, kuanzia shingoni. Alishika kitambaa chake mapajani. Nilidhani atakifunga.

Alikiacha kitini. Alitoka mlangoni na kichwa kile kile, nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, akavuka njia mbele za watu, na kabla hajafika mlangoni kwake akajibu kwa sauti ile ile ya mkwe wake, kubwa, ya kupasuka.

"Nakuja, Baba! Nakuja kukugeuza!"